Benchi la Majeshi Manne

Nje ya ofisi ya mbunge wetu kuna benchi la mvule lenye ufa katikati. Ukikaa bila kuangalia, ufa unakufinya, na waliokutangulia wanacheka kwa sababu wao walifinywa kabla yako. Jumatatu ile niliyompeleka Baba Mdogo kufuatilia malipo yake ya jeshi tulifika saa mbili kasorobo asubuhi, tukalikuta limejaa nusu. Baba Mdogo hakukaa mara moja. Aliwatazama waliokaa mmoja mmoja, kama anakagua gwaride, kisha akaniambia kwa Kinubi, kwa sauti aliyodhani ni ya chini, kwamba hapa pamekaa kila mtu aliyewahi kumtafuta kwa bunduki.

Alitia chumvi kidogo tu. Karibu na mlango alikaa mtu ambaye mtaa mzima unamwita Afande. Huyo alikuwa kadogo, yaani askari mtoto, wa NRA, jeshi la msituni la Museveni: aliingia msituni Luwero akiwa na umri wa kuchunga mbuzi, akaingia Kampala Januari 1986 na bunduki iliyokaribia urefu wake, akaachishwa jeshi mwaka 1993. Kando yake alikuwa Sajini, mzee wa Lira, aliyevuka kutoka Tanzania mwaka 1979 na Kikosi Maalum, akabaki UNLA, jeshi lililofuata la Amin, mpaka ilipovunjika. Katikati, akiukwepa ule ufa kwa ustadi wa mwenyeji, alikaa Nyanya mmoja wa kwetu, gurbaba yake, vazi la Kinubi, imepigwa pasi, mjane wa askari wa KAR, jeshi la kikoloni, aliyepigana Burma. Na sasa alikuja Baba Mdogo, fundi wa redio za mawasiliano katika jeshi la Idi Amin tangu 1973 hadi 1979, ambaye huwezi kukaa naye nusu saa bila kusikia habari za saa ya mkononi aliyoinunua kwa mshahara wake wa kwanza na kunyang'anywa siku alipokamatwa.

KAR ya Mwingereza ilikuwa na batalioni yake ya Uganda, ya nne, na siku ya uhuru, tarehe 9 Oktoba 1962, ndiyo iliyogeuka kuwa Uganda Rifles. Mume wa Nyanya, kwa maneno ya Nyanya mwenyewe, alilala askari wa Malkia akaamka askari wa Obote, na kitanda kilikuwa kilekile. Jeshi hilo, chini ya Amin, likampindua Obote tarehe 25 Januari 1971. Watanzania pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni wakaling'oa Aprili 1979, ndipo UNLA ikashika nchi. NRA ikashambulia kambi ya jeshi ya Kabamba Februari 1981, ikaing'oa UNLA miaka mitano baadaye. Kwa hiyo kutoka Baba Mdogo mpaka Afande, benchi lile lilikuwa limepangwa kwa utaratibu wa kufukuzana. Na wote wanne walikuwa na lugha moja ya kudaia haki zao, Kiswahili cha kambini, kile kisichojali ngeli, ambacho mwalimu wangu wa sekondari angekipiga mstari mwekundu tangu salamu.

Mbunge mwenyewe sitamtaja, wala jimbo. Nikimtaja, nusu yenu mtasema nimelipwa, na nusu mtasema natafuta kazi kwake. Kama ni mwanamume au mwanamke pia sitasema, na kwa hilo nakishukuru Kiswahili: yeye ni yeye.

Ugomvi ulianzia kwenye chai. Msaidizi wa mbunge, binti aliyekuwa na kompyuta ndogo kwapani muda wote, alileta chupa ya chai na vikombe vitatu tu. Afande akanyoosha mkono.

"Maveterani kwanza," akasema.

"Na sisi ni nani?" Baba Mdogo akauliza.

"Ninyi ni wazee."

Sajini alicheka mpaka akakohoa, lakini Baba Mdogo hakucheka, nami sikucheka, kwa sababu Afande alikuwa amesema kwa maneno matatu jambo ambalo nchi hii imekuwa ikilisema kwa sherehe na mizinga kwa miaka arobaini. Ukisema veterani nchini Uganda, masikio ya watu yanasikia Luwero. Sikukuu ya jeshi letu ina jina la Kiswahili, Tarehe Sita, na sita hiyo ni ya Februari 1981, siku ya Kabamba. Kuna nishani inayoitwa Damu. Kuna nyingine inayoitwa Kagera, ya waliopigana kumng'oa Amin, na wakati watu walipokuwa wanaitafuta hiyo, Baba Mdogo alikuwa upande wa pili wa mto akitengeneza redio za watu waliovamia. Hakuna atakayemvisha nishani, naye haombi. Anachoomba ni malipo ya mara moja ya miaka yake sita, ambayo wazee wa majeshi ya zamani wamekuwa wakiyafuatilia ofisi hadi ofisi, mwaka hadi mwaka, huku idadi yao ikipungua kila Ijumaa tukitoka kuzika.

Najua jeshi la Baba Mdogo lilifanya nini. Sihitaji kuambiwa, hasa nikiwa nimekaa hatua tatu kutoka kwa Sajini. Kaka yake Sajini alikuwa askari katika kambi ya Jinja mwaka 1971, na kwa mwaka huo, kwa Mlangi au Mwacholi aliyekuwa kambini, sentensi hiyo haihitaji mwisho. Hakurudi. Mama yao alikaa akimsubiri mpaka naye akafa. Kwa hiyo ninaposema kwamba Baba Mdogo anastahili malipo yake, sisemi jeshi lake lilikuwa la malaika. Nasema pensheni na kiinua mgongo si zawadi ya ushindi. Ni ujira. Fundi aliyetengeneza redio miaka sita ametengeneza redio miaka sita, na kama ana damu mikononi, apelekwe mahakamani. Asihukumiwe na karani wa malipo kwa kuficha faili. Na kama mwajiri wake alikuwa dola ya Uganda, dola haifi kwa sababu rais amekimbia na ndege.

Nakiri kwamba nilikwenda pale na dharau. Nimeishi Kampala miaka ya kutosha kuwaona wabunge wakiongea kwenye redio. Nilitarajia tukae, tusubiri, tupigwe picha, tupewe nauli ya kurudi. Picha tulipigwa, ndiyo, na mheshimiwa alichelewa saa nne nzima bila kuomba radhi ya maana. Lakini kabla hajafika, yule binti wa kompyuta alifanya jambo lililonifanya nikae wima.

Alianza na Afande. Hakumuuliza alikuwa jeshi gani. Aliuliza, "Mzee, karatasi gani inakosekana?" Afande akaanza kueleza Luwero. Binti akamsikiliza kwa adabu, akarudia: karatasi gani? Ikaonekana kwamba Afande karatasi zote anazo, cheti cha kuachishwa jeshi amekitia plastiki kama picha ya harusi, ila namba yake, ile inayoanza na RA, imeandikwa tofauti kwa tarakimu moja katika sehemu mbili. Akaenda kwa Sajini: namba anayo, cheti hana, kiliungua na nyumba. Akaenda kwa Nyanya: namba anayo, cheti cha mume anacho, cheti cha ndoa hana. Akaja kwetu. Baada ya robo saa aliwaomba wahame. Wenye tatizo la namba huku, la jina kule, la mirathi kivulini chini ya mwembe. Wakatokea wengine kutoka nyuma ya jengo, nao wakapangwa. Afande akajikuta amekaa na mtu wa UNLA asiyemfahamu, wote wawili wakihesabu tarakimu kwa vidole. Lile benchi la kufukuzana likavunjika hivyo, bila hotuba.

Tatizo la jina ndilo letu, na ndilo gumu kuliko yote. Baba Mdogo aliandikishwa jeshini kwa jina lake na jina la babu yangu, kama tulivyozoea. Aprili 1979 alikamatwa, akawekwa ndani katika gereza moja la upande wa mashariki, akatoka baada ya miezi mingi, akapitia Koboko kuingia Sudan kama nusu ya Bombo, mji wetu sisi Wanubi, ilivyofanya. Aliporudi mwaka 1987 alikuta nyumba ya baba yake ina watu wengine ndani, na jina la Kinubi lilikuwa jina la kufungiwa milango. Akapanga chumba kwa jina la Kiganda alilopewa na rafiki. Jina hilo likampatia kazi ya kutengeneza redio za watu na televisheni, likamwoza mke wa pili, na uandikishaji wa vitambulisho vya taifa ulipoanza mwaka 2014 likaingia kwenye kadi. Kwa hiyo askari aliyemo kwenye faili na mzee anayepiga kura ni watu wawili. Nilisema hayo kwa mzaha, lakini binti wa kompyuta akaandika hivyohivyo: "watu wawili". Akatuambia kuna wazee wengi wa aina hii. Kuna waliojiandikisha kwa jina la kaka aliyekwisha kumaliza darasa la saba, kuna waliobadili kabila ili waishi, na kuna makadogo ambao hawakuwa na jina la pili kabisa mpaka afisa mmoja alipowabandika la kwake.

Nyanya naye aliozwa kwa nikaha mbele ya shehe na mashahidi wawili miaka kumi kabla ya uhuru, na shehe, mashahidi, na msikiti wenyewe wa mabati vyote vimekwisha kuondoka duniani. Kufuatilia haki za marehemu kunataka hati za usimamizi wa mirathi, na kabla ya hizo kunataka cheti cha kutokuwa na pingamizi kutoka kwa Msimamizi Mkuu wa Mirathi, na kabla ya hicho barua ya mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), mkutano wa ukoo, na mtu mmoja asiyekuwa na pingamizi, ambaye katika ukoo wowote ndiye mtu adimu kuliko wote. Alipoulizwa tarehe ya kuzaliwa ya mumewe, Nyanya alishindwa. Mwaka pia ulimshinda. Alipoulizwa namba ya jeshi, aliitoa kwa wimbo. Namaanisha aliimba. Zamani, alisema, ukiwa mke wa askari na mume amehamishwa, ukifika kwenye geti la kambi ngeni huulizwi jina, kwa sababu kina Abdalla ni wengi, unaulizwa namba. Basi wanawake wa kota walizitungia mwendo wa kutwangia, kila mmoja na namba ya mumewe, na watoto wakajifunza hivyo ili wakipotea waweze kurudishwa. Binti wa kompyuta alimwomba aimbe tena polepole. Tarakimu zilikuwa sawasawa na cheti, zote.

Mheshimiwa alipofika saa sita hivi, alikuta orodha. Na hapa nataka niseme kitu kuhusu sisi wapiga kura, kwa sababu makosa si ya wabunge peke yao. Nyuma ya wale wazee kulikuwa na foleni nyingine, ndefu zaidi, na ile ilikuwa ya mazishi, karo, harusi, jezi za mpira na petroli ya ambulensi. Mbunge wa Uganda anatakiwa awe na ambulensi yake, kana kwamba hakuna wizara ya afya. Anatakiwa atoe mabugo, pesa za rambirambi, kila msiba, na asipofika mwenyewe bahasha ifike. Mtu anayetoa ng'ombe kwenye msiba tutamkumbuka miaka mitano. Anayekaa usiku akilinganisha tarakimu za namba za jeshi hatumjui, na akishindwa uchaguzi tunasema hakufanya kitu. Nilimsikia mzee mmoja wa foleni ile akinung'unika kwamba mheshimiwa anapoteza muda na "watu wa Amin" wakati uwanja wa mpira hauna nyavu. Nyavu! Ni shilingi ngapi, nyavu?

Basi afanyeje mbunge kwa wazee hawa? Wengi wanadhani anaweza kusimama Bungeni akapendekeza walipwe, kura zikapigwa, pesa zikatoka. Hawezi. Ibara ya 93 ya Katiba inalikataza Bunge kuushughulikia muswada au hoja inayotoza mfuko mkuu wa serikali isipokuwa imeletwa kwa niaba ya serikali yenyewe. Mbunge wa kawaida anaweza kuleta muswada wake binafsi, lakini pale unapogusa hazina unakutana na ukuta. Kinachobaki ni kazi ya panya. Kuna kalenda ya bajeti ambayo sheria ya fedha za umma ya 2015 imeiweka wazi: kila wizara inatakiwa kuwasilisha Bungeni taarifa yake ya sera na makadirio kufikia tarehe 15 Machi, bajeti inaletwa kufikia tarehe 1 Aprili, na inatakiwa iwe imepitishwa kufikia tarehe 31 Mei. Mwaka wa fedha unaanza Julai. Kama malimbikizo ya mzee hayamo ndani ya hesabu ya wizara kabla ya Machi, basi hata spika, waziri na imamu wakiungana kumwombea dua, mwaka huo amekosa. Sasa jiulize ni wazee wangapi wanaokwenda kulia ofisini mwezi wa Juni, baada ya kusikia bajeti kwenye redio.

Mbunge wetu alikuwa amekwisha kujifunza hilo kwa uchungu. Alituambia, bila kujificha, kwamba mwaka wake wa kwanza alipeleka orodha mwezi wa Mei, imepigwa chapa vizuri na picha za wazee, na kila aliyeipokea aliisifia. Ilikwenda kukaa kwenye rafu. Ofisi iliyohusika Kampala, ambayo sitaitaja, iliipoteza, kisha ikaiomba upya, kisha ikasema haikuiomba. Sasa anaanza Oktoba. Kamati za Bunge zina mamlaka kama ya Mahakama Kuu ya kumwita shahidi afike, na hilo ndilo linalomfanya ofisa ambaye mzee wa miaka sabini hawezi kumwona aje mwenyewe na mafaili kwenye gari. Swali linaloulizwa kamatini siku hiyo, alisema, lisiwe "mnawasaidiaje wazee wetu?", kwa sababu hilo linajibiwa kwa hotuba. Liwe: namba hii, ya mtu huyu, iliyopokelewa tarehe hii, iko meza gani?

Nilipenda hilo. Nililipenda kuliko mabati. Afande ana mabati, na ni ya kweli: kati ya 1992 na 1996 serikali iliwaachisha jeshi askari zaidi ya 36,000, ikawapa mabati, jembe, mbegu na pesa za kuanzia maisha, na yale ya Afande bado yapo juu ya nyumba yake, yana kutu inayofanana na ramani. Miaka ya karibuni kumekuja Emyooga, mpango wa serikali wa mitaji midogo, ambamo maveterani nao wana ushirika wao katika kila jimbo, na mtaji wa shilingi milioni 30 kwa ushirika. Zinasaidia waliojuana. Nyanya, kwa kuwa amepita miaka 80, anapokea ile ruzuku ya wazee, shilingi 25,000 kwa mwezi, anazigawa kwa wajukuu kabla hajafika nyumbani. Vyote hivyo ni vizuri, lakini vinatolewa kama fadhila, na fadhila ina tabia ya kuangalia uso. Mshahara uliocheleweshwa hauangalii uso wa mtu.

Mtu atasema hii ni kelele ya walioshindwa, kwamba sisi Wanubi na watu wa West Nile, kwao Amin, hatuna wa kututetea. Si kweli, na tukisema hivyo tunajidanganya. Moses Ali alikuwa waziri wa fedha wa Amin, akaongoza waasi wa UNRF, kisha akawa waziri chini ya Museveni na mbunge wa Adjumani kwa miaka mingi. Waziri mdogo wa masuala ya maveterani aliyeteuliwa mwaka 2021, Huda Oleru, anatoka Yumbe, ambako UNRF II walisaini amani na serikali Desemba 2002. Watu wetu wamekaa mezani. Ambacho hatujawa nacho sana ni watu wa kuandika "watu wawili" kwenye jedwali na kulifuatilia.

Siku ya kupeleka ombi rasmi Bungeni, wazee kumi na mmoja walikwenda Kampala na basi dogo la kukodi. Ombi la wananchi linawekwa mezani na mbunge, spika analipeleka kwenye kamati, basi. Ni dakika chache. Lakini Baba Mdogo alivaa tai. Sajini alivaa koti zito katika joto lile. Tulipita chini ya ule mnara wa uhuru wenye tao, tukakaguliwa, tukapanda kwenye jukwaa la wageni. Spika alitangaza kuwepo kwao, wakasimama, wabunge wakapiga makofi ya meza. Afande alisimama kikakamavu. Mazungumzo yote yalikuwa kwa Kiingereza, na Katiba ilikwisha kukifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na Baraza la Mawaziri likalisemea tena Julai 2022, lakini mle ndani wazee waliotumika majeshi matatu kwa Kiswahili walikuwa wanageuza shingo kuniuliza, "Amesemaje?" Nikawatafsiria kwa kunong'ona mpaka askari wa Bunge akanionya. Aliponionya, alinionya kwa Kiswahili.

(Tulikula wali na maharage mtaani kabla ya kurudi. Mheshimiwa alilipa. Naandika hilo ili msiseme nimeficha.)

Kwa tatizo la Baba Mdogo, binti wa kompyuta alikuwa ametueleza njia: hati ya kiapo kwamba majina mawili ni ya mtu mmoja, na hati ya shahidi aliyemjua akiwa jeshini kwa jina la zamani. Ya kwanza rahisi. Ya pili ilimkalia shingoni. Wenzake wa kikosi cha mawasiliano tuliwahesabu usiku kucha, yeye akitaja, mimi nikiandika: huyu alifia Juba, huyu Nairobi, huyu sukari, huyu pikipiki. Hakubaki hata mmoja ambaye tungeweza kumfikia. Tulirudi kwenye benchi lile Jumatatu nyingine tukiwa tumekata tamaa, na Baba Mdogo akawa anamweleza Nyanya habari hiyo kwa sauti yake ya chini isiyo ya chini, akataja lile gereza, akataja kwamba aliwahi kuwatengenezea walinzi redio yao ili wasikilize BBC ya Kiswahili jioni, na wao wakamwongezea posho ya uji.

Sajini, aliyekuwa amefumba macho, akayafumbua.

"Ilikuwa na mkanda wa ngozi," akasema. "Ile redio."

"Ulikatika."

"Nikaufunga kwa waya wa simu."

Wakatazamana. Sitajaribu kueleza uso wa Baba Mdogo. Sajini alikaa kimya muda mrefu, kiasi kwamba niliogopa, maana nilijua habari za kaka yake wa Jinja. Kisha akamwambia binti wa kompyuta aandike: yeye alikuwa mlinzi, huyu alikuwa mfungwa, aliletwa kama askari wa jeshi lililopita, fundi wa redio, na jina aliloitwa kila asubuhi kwenye kuhesabiwa lilikuwa lile la kwanza, si hili la Kiganda. Alilitamka lote, na jina la babu yangu ndani yake. Ilikuwa miaka mingi sijalisikia likitamkwa na mtu asiyekuwa wa nyumbani.

Tulikwenda wote watatu kwa kamishna wa viapo, ghorofani, juu ya duka la vipuri vya bodaboda. Sajini alisoma hati yake mara mbili kwa kidole kabla ya kusaini. Muhuri ukapigwa. Hadi leo malipo hayajatoka. Faili limo kwenye orodha ya Oktoba, na namba ya kulipokelea ninayo kwenye simu. Tulipokuwa tunashuka ngazi, Baba Mdogo akamshika Sajini kiwiko.

"Na saa yangu?"

Sajini hakujifanya haelewi. "Niliiuza Soroti, mwaka wa themanini," akasema. "Ilikuwa inachelewa dakika kumi."

Kwenye stendi ya takisi nilitoa pesa za nauli za watu watatu. Baba Mdogo akanirudishia ya Sajini mkononi, akasema hiyo ikatwe kwenye saa.